Fildi ya wiki nane au huduma ndani ya kozi: vyuo vya Nyanda za Juu Kusini vichague nini?

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mkoani Iringa karibu watoto 57 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kitaifa ni 30. Njombe na Rukwa ziko kwenye 50 hivi. Ni mikoa hiyohiyo inayovuna mahindi yanayoliwa hadi Dar es Salaam, yenye viazi, maharage, maziwa na parachichi. Na katika manispaa ya Iringa pekee kuna Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Ukija Mbeya unakuta Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), ndaki ya Mzumbe, ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kule Uyole chuo cha kilimo pamoja na kituo cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Wenye elimu na wenye tatizo wanapanda daladala moja.

Nawaandikia wahadhiri wenzangu na wakuu wa idara ambao muhula ujao wangependa masomo yao yamguse jirani wa chuo, ila hawajajua washike njia ipi. Zinazozungumzwa zaidi ni mbili: kuitegemea fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu, yale ya wiki 8 hivi, au kuweka saa za huduma ndani ya kozi yenyewe, kidogokidogo muhula mzima. Siku ya kujitolea na kliniki ya kudumu ya msaada wa sheria nitazigusa pia. Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa kozi nyingi za huku kwetu, huduma ndani ya kozi inaizidi fildi, lakini kwa masharti mawili: idara ishikamane na mwenyeji mmoja kwa miaka, na darasa liwe la ukubwa ambao mhadhiri anaweza kweli kulisimamia. Masharti hayo yasipokuwepo, baki na fildi na uiboreshe.

Kipi kihesabike kuwa huduma ndani ya kozi

Mambo matatu lazima yakutane. Kazi iwe imeombwa au kukubaliwa na wenyeji. Iwe inabeba mada iliyomo kwenye mtaala wa kozi. Kisha mwanafunzi aichambue, kwa maandishi au kwa mjadala, na uchambuzi huo upewe alama. Likikosekana la kwanza, tunawafanyia watu majaribio. Likikosekana la pili, tumejitolea tu. Ni jambo jema, lakini lisiombewe krediti. Likikosekana la tatu, mwanafunzi anarudi na uchovu na picha za simu.

Mbinu hii ilipewa jina la "service-learning" Marekani mwaka 1967, na Robert Sigmon na William Ramsey waliokuwa wakiwapeleka wanafunzi wa vyuo kwenye kazi za maendeleo katika majimbo ya kusini. Machi ya mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akikataa shule inayomtenga kijana na kazi za wazazi wake. Azimio la Musoma la 1974 likasogea mbele zaidi: aliyemaliza kidato cha sita apite kwanza kazini ndipo aingie chuo kikuu. Anayesema haya ni mageni kwetu amesahau. Lakini tukumbuke pia Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kwenda JKT kwa lazima, na mamia wakarudishwa makwao. Huduma inayoshuka kwa amri, bila kijana kuona inahusiana vipi na anachosomea, inazaa kinyongo. Ndiyo sababu siungi mkono chuo kizima kutangaziwa saa za lazima kwa mpigo mmoja. Anza na kozi moja ambayo mwalimu wake anaitaka.

Kalenda

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na sioni ikizungumzwa vya kutosha kwenye vikao vya idara.

Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Muhula wa kwanza unaanza Oktoba au Novemba, wa pili unakwisha mnamo Julai, na fildi inakaa kati ya Julai na Septemba. Maana yake, mwanafunzi wa fildi anafika kijijini kiangazi, tena wakati wa baridi kali. Anakuta mahindi yanavunwa au yameshaingia ghalani, watu wanafyatua tofali, harusi zinapangwa. Anaona nusu moja ya mwaka wa mkulima na kuiandikia ripoti kana kwamba ameuona wote.

Kwa mwanafunzi wa kilimo nusu hiyo ina mengi. Julai na Agosti anajifunza ukaushaji, dumuzi, sumukuvu, na jinsi bei inavyoporomoka pale kila nyumba inapouza kwa wakati mmoja. Asichokiona ni mabishano ya mbegu ya Novemba, viwavijeshi vamizi kwenye mahindi machanga, na ugonjwa wa ukungu unavyoweza kuteketeza shamba la viazi kule Umalila au Isongole baada ya siku chache za mvua na baridi. Huduma ndani ya kozi inayakuta haya yote kwa sababu muhula unatembea na msimu. Mwanafunzi anayerudi shamba lilelile kila baada ya wiki mbili, tangu kupanda hadi palizi ya pili, ataelewa kwamba mbolea ya kukuzia ilichelewa kwa sababu sare na madaftari ya Januari vilimeza fedha yake. Hakuna slaidi inayofundisha hilo.

Faida hiyo inalipiwa barabarani. Ukipanda Kilolo au milima ya Rungwe wakati wa mvua, bodaboda anapandisha nauli, na kuna siku hampiti kabisa. Wakulima nao wako shambani tangu alfajiri. Ukiitisha kikao saa nne asubuhi mwezi Desemba utawapata wazee na watoto. Panga saa tisa alasiri na kuendelea, kwepa siku ya gulio, na Jumapili asubuhi usiiguse.

Kwa afya na lishe, tazama Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila robo ya mwaka. Watoto wanapimwa, wazazi wanakaa pamoja, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanakuwepo. Mwanafunzi wa fildi akibahatika ataikuta mara moja. Kozi inayokwenda mihula miwili inaikuta mara mbili au tatu, na inaweza kuwaona watoto walewale tena. Kipimo kimoja kinakupa namba tu. Ukimwona mtoto yuleyule mara ya pili ndipo unapoanza kuuliza: mama analima heka ngapi, nani anabaki na mtoto mchana, uji ni wa mahindi matupu au una maharage, na maziwa ya ng'ombe wa nyumbani yanaishia kwa nani. Majibu ya udumavu wa Iringa yanatafutwa humo, maana chakula kipo.

Kwa ualimu naachana na msimamo wangu. Fildi ya kufundisha haina mpinzani. Julai shule zinakuwa zimefunguliwa, na mwanafunzi anashika darasa zima la Kidato cha Pili wiki baada ya wiki, kwa azimio la kazi na andalio la somo, mbele ya mwalimu mzoefu. Klabu ya kusoma ya Jumatano jioni katika shule ya msingi jirani haiwezi kuchukua nafasi hiyo. Inaweza kuitangulia, ili mwanafunzi asikutane na watoto kwa mara ya kwanza siku anayopangiwa kituo.

Saa na alama

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 10 ina saa 100 zote kwa pamoja: mihadhara, semina, kujisomea, kazi na mtihani. Ukichukua saa 20 za huduma, yaani saa mbili kwa wiki kwa wiki kumi, umechukua sehemu ya tano ya kozi. Hizo huwezi kuziongeza juu ya mzigo uliopo. Lazima uondoe kitu, na ndiyo kazi ngumu ya mhadhiri: achague mada ambayo sasa itafundishwa na shamba, mtaa au bomba la maji badala ya ubao.

Kwa wingi wa saa fildi inashinda mbali. Wiki 8 za siku tano, saa nane kwa siku, ni saa 320. Shida ni kwamba saa hizo hazina kozi inayozimiliki. Mwanafunzi anapangiwa ofisi, anapewa daftari la fildi, msimamizi kutoka chuoni anapita mara moja au mbili, ripoti inasainiwa. Akipata mwenyeji anayependa kufundisha, atatoka amekomaa kuliko kozi yoyote ingeweza kumkomaza. Akimkosa, wiki zote nane zitakwenda kwenye kupanga mafaili na kutumwa fotokopi, na hakuna mhadhiri atakayejua hadi Oktoba. Kwenye huduma ndani ya kozi unakutana na mwanafunzi Jumatatu inayofuata. Kosa la wiki ya pili linarekebishwa wiki ya tatu.

Kuhusu alama, vyuo vyetu vingi hugawa 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Toa 15 katika zile 40, na usizitoe kwa mahudhurio. Alama ni za kilichoeleweka. Aliyekwenda mara nane akaandika "nimejifunza mengi na jamii ilifurahi" apate chini ya aliyekwenda mara sita akaeleza kwa nini kaya za juu ya tenki hazichangii maji. David Kolb, mwaka 1984, alieleza mzunguko wa kujifunza kwa vitendo: unatenda, unalitazama ulilotenda, unatoa fundisho, unalijaribu upya. Wanafunzi wetu huishia hatua ya kwanza kwa sababu hatuwaulizi maswali magumu. Waulize: nani aliamua bomba lipite hapa? Nani hakuwepo kwenye kikao? Nadharia ya wiki ya nne imekosea wapi ulipoikuta mtaani?

Nashauri pia tafakari iandikwe kwa Kiswahili, hata kama kozi inafundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi ameyasikia mambo kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kisafwa, Kihehe au Kinyakyusa kupitia kwa mjukuu anayetafsiri. Akilazimika kuyahamishia kwenye Kiingereza anachagua yale tu anayoweza kuyasema, na yanayobaki nje ndiyo yenye uzito. Ripoti itakayorudi kijijini haina mjadala: ni ya Kiswahili.

Wenyeji wanapata nini

Sigmon alirudi mwaka 1994 na kipimo rahisi: angalia uzito umelalia wapi, kwenye huduma, kwenye mafunzo, au pande zote mbili. Kwa kipimo hicho fildi yetu ya kawaida imelalia kwa mwanafunzi. Mwenyeji anatoa meza, muda na uvumilivu, na mwisho anabaki na nakala ya ripoti, kama anaipata. Hatufanyi vibaya kwa kukusudia. Fildi iliundwa kumwandaa mfanyakazi, basi inamwandaa mfanyakazi.

Huduma ndani ya kozi inadai kusawazisha, lakini nayo ina ugonjwa wake. Utafiti uliofanywa Madison, Wisconsin, na kuchapishwa 2009, uliwasikiliza watumishi wa mashirika ya kijamii yaliyokuwa yakipokea wanafunzi. Malalamiko yao makubwa yalikuwa juu ya ufupi wa muda: mwanafunzi anafundishwa kazi, anaanza kuielewa, muhula umekwisha. Yote yale yanatuhusu. Swali la mwenyekiti wa kijiji ni moja popote utakapokwenda: "Mwalimu, hawa vijana watarudi?" Mhadhiri asiye na jibu la kweli asipeleke wanafunzi.

Jibu ninaloliamini ni kuchagua mwenyeji kabla ya kuchagua mradi, na kubaki naye. Chukua maji. Sheria ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chini yake vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi bado wanaviita jumuiya ya watumia maji. Chombo kama hicho kina tenki, mita, mafundi wawili watatu na daftari la michango. Idara ya uhandisi ikishikamana na kimoja tu, kundi la mwaka huu linapima presha na kuchora ramani ya mivujo. Kundi lijalo linarekebisha mahali pabaya kuliko pote pamoja na fundi wa kijiji, na la mwaka wa tatu linakaa na mhasibu kuangalia kama mapato yamepanda. Kila kundi limefanya saa 20 tu kwa kila mwanafunzi. Kijiji kimepata kazi ya miaka mitatu. Wanafunzi wanapita, idara inabaki, na mwenyekiti anaijua namba ya simu ya mtu mmoja chuoni. Fildi haiwezi hili, maana kila mwaka mwanafunzi mwingine anapangiwa mahali pengine.

Sharti dogo lakini zito: msiahidi. Mwanafunzi akisema "tutawaletea pampu" ili kumfurahisha mzee, idara nzima itaulizwa pampu hiyo miaka mitano. Na picha za watoto zisipigwe wala kurushwa bila ridhaa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu wanafunzi wetu kama inavyowahusu wengine.

Fedha na idadi

Bodi ya Mikopo huwapa wanufaika wake fedha za mafunzo kwa vitendo. Wasio na mkopo wanajitegemea, na wengi huomba nafasi karibu na nyumbani ili wasilipe kodi ya chumba. Kwa hiyo kijana wa Mwanza anayesoma Mbeya anafanyia fildi Mwanza. Ni haki yake. Lakini Isyesye na Mbalizi hazijapata kitu kutoka chuo kilicho jirani yao.

Huduma ndani ya kozi haina fungu lolote kutoka Bodi, na nauli ya kila wiki ni mzigo kwa mwanafunzi anayesubiri bumu, fedha yake ya kujikimu. Dawa yake ni umbali. Chagua mtaa unaofikika kwa miguu au kwa daladala moja. Kihesa na Mlandege zina mahitaji kama vijiji vya mbali, na Iyunga na Ilomba vilevile. Usipande milimani kwa sababu kule umaskini unaonekana zaidi kwenye picha.

Idadi ndiyo itakayowakwamisha wengi. Darasa la wanafunzi 300 wa mwaka wa kwanza halipelekwi mtaani. Watu 300 wakimwagika kwenye mtaa mmoja ni usumbufu, hata wakija na nia njema. Kwa maoni yangu, mhadhiri asiye na msaidizi asizidi wanafunzi 60, wakiwa kwenye makundi ya watano au sita. Ukiwa na zaidi, ipeleke huduma kwenye kozi ya hiari ya mwaka wa tatu, na darasa kubwa uliachie mihadhara.

Siku ya kujitolea na kliniki

Kufanya usafi Mwanjelwa au kupeleka sabuni kwenye kituo cha watoto ni kizuri kwa kufungua mlango wa ujirani. Kifanywe na serikali ya wanafunzi, kisipewe alama, basi.

Kliniki ni jambo jingine, hasa kwa wanaosomea sheria. Mgogoro wa shamba chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, au mjane anayetafuta hati ya haki miliki ya kimila kwa jina lake, hauishi ndani ya wiki kumi wala wiki nane. Faili likianza linahitaji mtu wa kulishika hadi mwisho. Hapo zote mbili, fildi na huduma ndani ya kozi, zinashindwa. Panahitajika ofisi ya kudumu yenye wakili msimamizi, iliyofuata Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambamo wanafunzi wanaingia kwa zamu na kukabidhiana mafaili. Kama chuo hakiwezi kumlipa msimamizi huyo, ni heri wanafunzi watoe elimu ya sheria kwenye mikutano ya mitaa kuliko kupokea kesi na kuziacha njiani.

Ukichagua

Ualimu na uuguzi: fildi kwanza, ikitanguliwa na saa chache za huduma muhula wa nyuma, mahali palepale kama inawezekana. Kilimo, lishe, maendeleo ya jamii, uhandisi wa maji na mazingira: huduma ndani ya kozi, na fildi ibaki kwa ajili ya kuandaa ajira. Sheria: kliniki. Uhasibu na biashara wanaweza kwenda popote; vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA vinavyokutana kila wiki vinaifaa sana ratiba ya kozi, kwani mwanafunzi anaona mzunguko wa hisa na mikopo ukitembea, wakati mwanafunzi wa fildi mara nyingi anaona vitabu vilivyokwisha kufungwa.

Atakayeanza na muhula wa Novemba aanze Agosti. Barua ya chuo iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, ishuke kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji au mtaa. Ukiruka ngazi utarudishwa, na kwa haki. Septemba mkae na halmashauri ya kijiji na mwende mkiuliza wanataka nini, bila mradi mfukoni. Oktoba wapeleke viongozi wa makundi peke yao wajitambulishe, wajifunze kuitikia salamu, wajue choo kiko wapi na nani wa kupigiwa mvua ikiwazuia. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu; omba tarehe ya ule utakaofuata mwisho wa muhula, na ripoti isomwe pale na wanafunzi wenyewe kabla haijapelekwa kwa mkuu wa idara. Hoja zitakazotolewa ziandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, pamoja na jina la mratibu, namba yake ya simu, na mwezi ambao kundi linalofuata litaingia.